Ardhi Tupu, Sheria Kamili: Safari ya Sheria ya Kiingereza katika Makoloni ya Walowezi

Utangulizi

Tarehe 3 Juni 1992, Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba watu wa kisiwa cha Mer, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, walikuwa na haki juu ya ardhi yao tangu kabla Mwingereza hajafika, na kwamba haki hiyo haikufa siku bendera ya Uingereza ilipopandishwa. Eddie Koiki Mabo, aliyefungua kesi hiyo mwaka 1982 pamoja na wenzake wanne, hakuisikia hukumu. Alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo. Tangu merikebu za kwanza za wafungwa zitie nanga karibu na mahali panapoitwa leo Sydney, ilikuwa imepita miaka 204.

Kwa nini jambo ambalo kila mwenyeji alilijua lichukue karne mbili kutamkwa mahakamani? Mtu anaweza kujibu kwa neno moja: ukoloni. Jibu hilo ni la kweli, lakini halituonyeshi jinsi jambo lenyewe lilivyofanyika. Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba sheria ya Kiingereza, kila ilipovuka bahari, iliuliza kwanza swali moja: nchi hii ni tupu, au ina wenyewe? Jibu likishaandikwa, lilikuwa na nguvu kuliko yale ambayo macho yaliona. Ndiyo maana suala hili haliwahusu wanasheria peke yao. Linatuhusu pia sisi tunaochunguza lugha, kwa kuwa tunajua kwamba kukipa kitu jina ni kukipangia mahali pake.

1. Maana ya sheria ya kawaida

Waingereza huiita sheria yao komoni loo. Kwa Kiswahili imezoeleka kusema sheria ya kawaida, nasi tutaufuata mtindo huo, ila ni vizuri kujua kwamba tafsiri hiyo ina kasoro. Neno la Kiingereza halikukusudia kitu cha kila siku, kisicho cha ajabu. Lilikusudia kitu cha pamoja, yaani sheria moja kwa ufalme mzima, tofauti na desturi za kila wilaya na za kila bwana mwenye ardhi.

Sheria hiyo ilianza kujengeka hasa wakati wa mfalme Henry wa Pili (1154–1189), aliyewatuma majaji wake kuzunguka nchi na kuamua mashauri kwa jina lake. Majaji walipokutana tena walilinganisha maamuzi, na polepole uamuzi wa jana ukawa mwongozo wa uamuzi wa leo. Hapo ndipo penye tofauti kubwa na mapokeo tuliyoyarithi sisi Wakongomani kutoka Ubelgiji. Kwetu mwanafunzi wa sheria anaanza na kitabu cha sheria za kiraia, anatafuta kifungu, kisha anatazama jinsi mahakama zilivyokitumia. Katika mapokeo ya Kiingereza, kwa muda mrefu, hapakuwa na kitabu cha namna hiyo. Sheria ilikuwa ndani ya hukumu zilizotangulia na ndani ya vichwa vya watu waliozisoma.

Sasa, sheria isiyo na kitabu kimoja inasafirishwaje? Kitabu hupakiwa merikebuni. Mapokeo yaliyokua kwa mamia ya miaka katika nchi moja hayawezi kufungwa katika sanduku. Wanasheria wa London walihitaji nadharia ya kueleza namna sheria yao inavyofika ng'ambo, nao wakaitunga.

2. Nchi zilizotekwa na nchi zilizolowewa

Hatua ya kwanza ilikuwa kesi ya Calvin ya mwaka 1608. Swali lilikuwa kama mtoto aliyezaliwa Uskoti, baada ya mfalme wa huko kurithi pia kiti cha Uingereza, angeweza kumiliki ardhi Uingereza. Katika maelezo yake, jaji Edward Coke alitoka nje ya swali hilo akazungumzia nchi zinazotekwa vitani. Kwa maoni yake, nchi ya Wakristo ikitekwa, sheria zake hubaki mpaka mfalme azibadilishe. Nchi ya wasio Wakristo ikitekwa, sheria zake hufa papo hapo.

Mwaka 1722 Baraza la Mfalme lilitoa maelezo yaliyogusa hali nyingine. Raia wa Uingereza wakigundua nchi mpya isiyokaliwa na watu, huingia humo na sheria zao, kwa kuwa sheria ni haki ambayo Mwingereza huzaliwa nayo na hawezi kuiacha bandarini. Kwa hiyo aina mbili za koloni zikapatikana. Katika koloni lililotekwa au kukabidhiwa kwa mkataba, sheria za wenyeji huendelea kwanza. Katika koloni la kulowea, yaani lile ambamo watu wamehamia pasipo kumkuta mwenyewe, sheria ya Kiingereza huanza siku ya kwanza.

William Blackstone, mwalimu wa sheria wa Oxford, aliyaeneza mafundisho hayo katika kitabu chake kilichoanza kutoka mwaka 1765. Aliongeza mambo mawili ambayo msomaji makini asiyapite haraka. Kwanza, walowezi hawabebi sheria yote. Wanabeba ile tu inayofaa hali yao mpya. Pili, pale alipozungumzia nchi zinazochukuliwa kwa kuzikalia tu, aliziita nchi za jangwa na zisizolimwa. Tazama neno linavyohama. Mwaka 1722 sharti lilikuwa nchi isiyo na watu. Kufikia 1765, pembeni yake pameongezwa nchi isiyolimwa. Nchi inaweza kuwa imejaa watu, wawindaji, wavuvi na wachungaji, na bado isiwe imelimwa.

Upande wa nchi zilizotekwa nao ulinyooshwa. Katika kesi ya Campbell dhidi ya Hall, mwaka 1774, James Campbell aliyekuwa na shamba katika kisiwa cha Grenada alidai mahakamani arudishiwe ushuru wa asilimia 4.5 aliokuwa amelipa juu ya sukari inayosafirishwa. Grenada ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa Wafaransa. Jaji Mansfield alisema kwamba sheria za nchi iliyotekwa hubaki mpaka zibadilishwe, na kwamba mfalme akishaahidi kuwapa watu baraza lao, hawezi tena kuwatoza kodi kwa amri yake peke yake. Kuhusu ubaguzi wa Coke kati ya Wakristo na wengine, Mansfield aliukataa akauita upuuzi uliotokana na wazimu wa Vita vya Msalaba. Hivyo nadharia ilikuwa na nafasi ya kuheshimu sheria za wengine. Lakini nafasi hiyo ilikuwa ya wale waliokubaliwa kwamba wametekwa. Aliyehesabiwa kuwa hayupo hakuweza hata kutekwa.

3. Virginia: kuchagua cha kubeba

Hati ya mfalme ya mwaka 1606 iliwaahidi walowezi wa Virginia na watoto wao uhuru wote ambao wangekuwa nao kama wangezaliwa Uingereza. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini miaka ya kwanza ya Jamestown, mji ulioanzishwa mwaka 1607, walitawaliwa kwa amri kali za kijeshi. Huko Massachusetts, walowezi waliamua mwaka 1641 kuandika orodha ya haki zao, jambo ambalo Uingereza yenyewe haikuwa na mazoea nalo. Hapa panaonekana tabia moja ya koloni: palipokosekana majaji waliosoma na vitabu vya hukumu, watu walipendelea maandishi mafupi yanayosomeka na wote.

Mfano wenye uchungu zaidi unahusu utumwa. Katika sheria ya Kiingereza, hadhi ya mtoto wa ndoa ilifuata ile ya baba. Elizabeth Key, aliyezaliwa Virginia na mama Mwafrika na baba Mwingereza, alidai uhuru wake mahakamani kwa hoja kwamba baba yake alikuwa mtu huru na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa. Mwaka 1656 alishinda. Miaka sita tu baadaye, mwaka 1662, baraza la Virginia lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Kwa kifungu kimoja, kila mtoto wa mwanamke mtumwa akawa mtumwa, hata kama baba yake ndiye bwana wa nyumba.

Walowezi hao hawakuacha kujiita watu wa sheria ya Kiingereza. Walidai mahakama zake na ulinzi wake wa mali. Waliitupa kanuni moja tu, ile iliyomfungulia mlango Elizabeth Key. Hiyo ndiyo maana halisi ya maneno kwamba sheria hubebwa kadiri inavyofaa hali ya koloni. Swali lililobaki daima ni hili: inafaa hali ya nani?

4. New South Wales: sheria moja, milango miwili

Hakuna mahali ambapo swali hilo linaonekana wazi kuliko New South Wales. Mwezi Januari 1788 merikebu 11 zilifika huko na wafungwa zaidi ya 700. Miezi michache baadaye, mahakama ya madai ilisikiliza kesi yake ya kwanza. Wadai walikuwa mume na mke, Henry na Susannah Kable, wote wawili wafungwa. Mtoto wao alizaliwa gerezani Uingereza, na habari zao zilipoenea watu waliwachangia fedha za kununulia nguo na vitu vingine. Mzigo huo ulipakiwa katika merikebu iitwayo Alexander, na sehemu kubwa yake haikuonekana tena. Walimshitaki nahodha, Duncan Sinclair.

Kwa sheria ya Uingereza kesi hiyo ilikuwa imekufa kabla ya kuanza. Mtu aliyehukumiwa kifo, hata kama adhabu yake imebadilishwa kuwa uhamisho, alihesabiwa mfu mbele ya sheria: hana mali, wala hawezi kumdai mtu. Wote wawili walikuwa wamehukumiwa kifo kisha wakapunguziwa. Lakini hati ya madai haikuwaita wafungwa. Iliwaita walowezi wapya. Mahakama iliendelea, nahodha akaamriwa kulipa pauni 15. Katika koloni ambalo wakazi wengi walikuwa wafungwa, kanuni ya mfu wa kisheria ingesimamisha biashara yote. Haikufaa hali ya koloni, ikawekwa kando. Ilipozuka tena kutokana na hukumu ya mahakama ya London mwaka 1819, Bunge la Uingereza liliirekebisha mwaka 1823. Mwaka 1828 Bunge hilo liliweka mpaka rasmi: sheria zote za Uingereza zilizokuwepo tarehe 25 Julai 1828 zitumike New South Wales, kadiri zinavyoweza kutumika.

Hebu sasa tuutazame mlango wa pili. Mwaka 1836 mwenyeji mmoja aliyejulikana kwa jina la Jack Congo Murrell alishitakiwa kwa kumuua mwenyeji mwenzake. Jina hilo lisitupotoshe. Alikuwa mtu wa Australia. Wakili wake, Sidney Stephen, alitoa hoja ambayo ilipaswa kuwatikisa majaji. Nchi hii, alisema kwa maana hiyo, haikutekwa, wala haikukabidhiwa kwa mkataba, na haikuwa tupu, kwa kuwa ilikuwa na watu wenye sheria zao. Kwa nini basi mteja wake ahukumiwe kwa sheria ya wageni? Majaji walijibu kwamba makabila hayo hayakufikia idadi na ustaarabu wa kutambuliwa kama mataifa, hivyo kila aliyemo katika koloni yuko chini ya sheria ya Kiingereza. Jopo la waamuzi lilimwachilia Murrell mwenyewe, lakini kanuni ilibaki.

Ikiwa wenyeji wako chini ya sheria hiyo, je, walikuwa na njia ya kuitumia? Hawakuweza kutoa ushahidi, kwa sababu sheria ya Kiingereza ilidai kiapo kwa Mungu, nao walihesabiwa kuwa hawawezi kuapa. Mwaka 1838 wenyeji wasiopungua 28 waliuawa kinyama mahali paitwapo Myall Creek. Watu saba walinyongwa kwa kosa hilo, lakini mashitaka yalitegemea maneno ya wazungu waliokubali kusema. Mwaka 1839 baraza la koloni lilijaribu kuruhusu ushahidi wa wenyeji bila kiapo, na London ikakataa.

Tuweke mambo haya mawili pamoja. Kanuni iliyomzuia mfungwa kudai mali yake ilionekana haifai koloni, ikaachwa. Kanuni iliyomzuia mwenyeji kusema alichokiona ikabaki. Zote mbili zilikuwa kanuni za Kiingereza, na zote mbili zilipimwa kwa kipimo kilekile cha hali ya koloni. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na dawa yake, akajitibu mwenyewe.

5. Neno lililoshinda ushahidi

Mwaka 1889 Baraza la Mfalme, likiwa mahakama ya rufaa ya makoloni, liliamua kesi ya Cooper dhidi ya Stuart. Ugomvi ulihusu kipande cha ekari 10 ambacho serikali ilikuwa na haki ya kukichukua kwa matumizi ya umma. Hakuna mwenyeji aliyekuwa mdai wala mdaiwa. Hata hivyo, katika kueleza sheria ilivyofika, Lord Watson aliandika kwamba New South Wales ilikuwa eneo lisilokaliwa kwa kweli, bila wakazi waliotulia wala sheria zilizotulia, lilipounganishwa kwa amani na milki ya Uingereza.

Tukifuata neno letu, tunaona hatua tatu. Mwaka 1722: nchi isiyo na watu. Mwaka 1765: nchi isiyolimwa. Mwaka 1889: nchi isiyo na watu waliotulia wala sheria zilizotulia. Kila hatua inapanua maana ya utupu, na matokeo ya kisheria hayabadiliki. Mwanaisimu ataitambua hali hii mara moja: umbo la neno limebaki, maana imenyooshwa mpaka ikameza kinyume chake.

Uzito wa jambo hili ulionekana mwaka 1971. Watu wa Yolngu wa Arnhem Land walipinga uchimbaji wa boksiti katika ardhi yao. Jaji Richard Blackburn aliwasikiliza kwa makini, akakubali kwamba walikuwa na mfumo wa sheria wenye mpangilio mzuri, usiotegemea matakwa ya mtu mmoja. Kwa maneno mengine, alikubali kwamba maelezo ya 1889 hayakulingana na ukweli alioambiwa mbele yake. Lakini wadai walishindwa. Jaji alijiona amefungwa: koloni likishawekwa katika kundi la makoloni ya kulowea, hilo ni jambo la sheria, na ushahidi mpya hauwezi kulitoa humo.

Hukumu ya Mabo mwaka 1992, iliyopita kwa majaji sita dhidi ya mmoja, ilifungua fundo hilo kwa uangalifu. Mahakama haikusema kwamba Uingereza haikuwa na mamlaka, wala haikulitoa koloni katika kundi lake. Ilisema kwamba kufika kwa sheria ya Kiingereza ni jambo moja, na kufa kwa haki za wenyeji ni jambo lingine. La kwanza halilazimishi la pili. Ushindi huo ulikuwa na mipaka, kwa sababu ardhi iliyokwisha kugawiwa wengine kwa hati halali haikurudi. Lakini mwaka 1993 Bunge la Australia lilitunga sheria ya kusimamia haki hizo.

6. Nyuzilandi na Afrika Mashariki

Mtu anaweza kudhani kwamba mkataba ungetosha kuwalinda wenyeji. Nyuzilandi inatuonya. Mkataba wa Waitangi ulitiwa saini kuanzia tarehe 6 Februari 1840, ukiwa na maandishi ya Kiingereza na ya Kimaori. Kiingereza kilisema kwamba machifu wanakabidhi mamlaka kuu. Kimaori kilitumia kawanatanga, neno lililotoholewa kutokana na cheo cha gavana, na papo hapo kikawaahidi machifu tino rangatiratanga, yaani uchifu wao kamili. Machifu walio wengi walitia saini maandishi ya Kimaori. Baadaye sheria ya mwaka 1858 ilitangaza kwamba sheria za Uingereza zilianza kutumika huko tangu tarehe 14 Januari 1840, yaani kabla hata ya saini ya kwanza. Na mwaka 1877, katika kesi ya Wi Parata, mahakama ililiona patano hilo kuwa halina nguvu yoyote.

Kwa jirani zetu wa Afrika Mashariki, njia ilikuwa amri zenye tarehe. Sheria ya kawaida ilipokewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, Uganda 11 Agosti 1902, Tanganyika 22 Julai 1920, kila mara kwa sharti la kufaa hali ya nchi na watu wake. Mwaka 1955, katika kesi ya ushuru wa daraja la Nyali, Mombasa, jaji Denning wa London aliifananisha sheria hiyo na mti wa mwaloni: ukihamishiwa Afrika hauwezi kubaki vilevile, unahitaji kupogolewa na kutunzwa.

Desturi za wenyeji ziliruhusiwa, mradi zisichukize haki na maadili. Lakini haki ya nani? Mwaka 1938, huko Tanganyika, ng'ombe wa mzee Gwao bin Kilimo walikamatwa kwa deni la mwanawe, na ikadaiwa kwamba desturi ya Waturu inaruhusu. Jaji Wilson alikataa, akasema kipimo cha haki ni kile cha Waingereza, si cha Waafrika. Mzee alirudishiwa mali yake, na wengi wetu tungefurahi naye. Hata hivyo swali la nani anashika mizani lilikuwa limejibiwa bila wenyeji kuulizwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya Kiingereza haikufika makoloni ikiwa nzima. Ilifika kupitia milango miwili ya maneno. Mlango wa kwanza ni jina walilopewa wenyeji na nchi yao: tupu, iliyotekwa, isiyolimwa, isiyotulia. Wa pili ni kifungu cha kufaa hali, ambacho kilimwachia jaji au baraza la walowezi kuamua kipi kibebwe na kipi kiachwe. Familia ya Kable ilipita. Elizabeth Key alipita, kisha mlango ukafungwa nyuma yake. Watu wa Mer walingoja.

Nasi Wakongomani tusiyasome haya kama habari za mbali. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, mwanzoni kabisa mwa Dola Huru la Kongo, ilitangaza kwamba ardhi zisizo na mwenyewe ni mali ya Dola. Mapokeo ya sheria ni mengine, mfalme ni mwingine, lugha ni Kifaransa, lakini neno ni lilelile. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia na mabonde ya kuchungia yaliweza kuitwa matupu na mtu aliyepita mara moja. Msomi wa lugha akikutana na neno hilo katika hati yoyote, ya jana au ya leo, asilipite. Aulize nani aliliandika, alisimama wapi alipotazama, na ni nani aliyekuwa akipika chakula nyuma ya kilima.